Somo la Upepo Mpala

Msafiri atokaye Kalemie kwa ziwa, akielekea kusini, hufika Mpala penye mdomo wa mto Lufuko. Mitumbwi imelala mchangani, na nyuma yake yainuka milima ya Marungu. Hapo ndipo Mbelgiji Emile Storms alipojenga boma mwaka 1883, katika nchi ya mtemi Mpala; mwaka 1885 likakabidhiwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1887 akaja Kapteni Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, kuwalinda watu na wawindaji wa watumwa.

Nami niliwapeleka wanafunzi saba wapaone mahali hapo. Ulikuwa mwezi wa Julai, majira ya kusi. Upepo huo huvuma toka kusini kufuata urefu wa ziwa, na Tanganyika ina urefu upatao kilometa 670. Basi mawimbi hupata nafasi ya kukua.

Asubuhi ya kurudi maji ya pwani yalikuwa yametulia kama mafuta. Nilikuwa na haraka, nikaamuru mizigo ipakiwe. Lakini nahodha wetu, mzee mvuvi, alikataa. Nikamwambia kwa hasira kwamba rozari tumekwisha kuisali. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, rozari ni ya kumwomba Mungu, si ya kumjaribu." Akatuonyesha: mbali, nje ya rasi, maji yalikuwa meusi, na povu jeupe lakatika juu yake. Rasi ilikuwa imetukinga, nasi tukadhani ziwa zima limetulia.

Ndipo mwanafunzi mdogo kuliko wote aliposema, "Mimi niliyaona tangu mapema." Nikamwuliza mbona alinyamaza. Akainamisha kichwa: "Mwalimu alikuwa na haraka." Neno hilo lilinichoma. Kabla ya adhuhuri mawimbi yalikuwa yakivunjika palepale tulipotaka kupita.

Tulingoja siku mbili. Jioni niliwasimulia wanafunzi habari za milima ya Alpi huko Ulaya, ambako watu huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Huko nako utulivu hudanganya: juu theluji ni nyeupe na safi, kumbe chini yake mna tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja waweza kuikata, na mteremko mzima ukaporomoka. Kwa hiyo wenye kujifunza huenda kwa kikundi. Huuliza kwanza habari za upepo na theluji mpya. Penye hatari huvuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama. Kila mtu huchukua koleo, ufito wa kupimia na chombo cha kuita, maana aliyefukiwa asipotolewa katika dakika 15 hivi, matumaini hupungua upesi. Tena kila mmoja, hata mgeni, ana haki ya kusema, "Turudi," wala hachekwi. Papa Pio XI, aliyekuwa mpandaji milima hodari, alimfanya Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapandao milima mwaka 1923.

Mzee akasikiliza, akasema, "Basi, hao nao ni wavuvi." Akatufundisha yake: mitumbwi iende miwili, isikaribiane mno wala kupoteana, mzigo usizidi, atakayevaa jaketi la kuokolea alivae pwani, si katikati ya mawimbi. Wazazi wa Kalemie hawahitaji kuelezwa sababu. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili, wakafa watu zaidi ya 100.

Wasomaji wapenzi, Bwana wetu alipopandishwa juu ya mnara wa Hekalu hakukubali kujitupa chini. Busara si uhaba wa imani. Na mkubwa anayewatisha wadogo wake hata wakaogopa kusema, huyo amejifumba macho mwenyewe.

Siku ya tatu, kabla ya kusukuma mitumbwi majini, mzee alitupanga mchangani, akamwuliza kila mmoja ameona nini. Alianza na yule mdogo. Mimi niliulizwa wa mwisho.