Mtoto Akitaka Kusomea Mazingira



Kila matokeo ya kidato cha nne yatokapo, nyumba zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe hujaa hesabu za udaktari, ufamasia na uhandisi. Atajaye shahada ya mazingira huulizwa swali ambalo nami niliulizwa na wazee wangu nilipojiandaa kwenda Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi: "Mwanangu, waenda kusomea kufagia?" Swali hilo halikuwa la dharau. Karo huuzisha watu dhahabu zao, na mzazi ana haki ya kujua anunuacho.

Shahada hii ina kemia, takwimu, elimu ya udongo na maji, na sheria. Faida yake niliiona mwaka wa tatu, tulipopima maji ya visima vya Kisauni. Ardhi yetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, navyo hupitisha maji upesi. Viwanja ni vidogo, na choo cha shimo hukaribiana na kisima. Maji yaliyokuwa safi kwa macho yalikutwa na vijidudu vya kinyesi. Tuliwaeleza wenyeji kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti, chumvi itokanayo na uchafu wa vyoo, ambayo huwadhuru watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza, "Basi nimpe maji gani?" Maji ya mfereji hayaji kila siku, na ya kununua yana bei. Hapo nikafahamu kwamba kipimo cha maabara ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukifikisha kwa wenye mamlaka kwa lugha ya sheria.

Mtaa wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, uliijua thamani ya nusu hiyo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya risasi katika makazi ya watu, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alipaza sauti baada ya damu ya mwanawe kukutwa na risasi. Vipimo vya damu na udongo vikasimama mahakamani pamoja na Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, baada ya mvutano wa rufaa, Mahakama ya Juu iliuthibitisha uamuzi huo Desemba 2024.

Simfichi mzazi: ajira si nyingi, na atakaye kuandika ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira sharti kwanza asajiliwe na NEMA. Lakini ripoti hizo huandikwa kila kiwanda kinapotaka kujengwa kando yetu, na sheria hutupa nafasi ya kutoa maoni. Nani mtaani kwetu atazisoma?

Wanazuoni wametufunza kwamba fardhi kifaya ikiachwa na wote, wote hupata dhambi. Sioni vipi elimu ya kulinda maji ya watoto wetu itoke katika hesabu hiyo. Mwanao akiitaja shahada hii, muulize hali yake ya kemia na hisabati. Akijibu vyema, mpe radhi zako aende.