Hakuna Kitu cha Kuona Ngaremara

Ndivyo alivyojibu kijana mmoja wa Kiturkana alipoulizwa na mwenzake wa chumbani, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, ni vivutio gani vinavyopatikana kwao. Walikuwa bwenini wakipanga likizo ya Agosti 2023. Yule wa Kisauni alikwisha kutaja Ngome ya Yesu, magofu ya Gede na bahari yenyewe. Mwenzake akafikiri kidogo, akasema: "Kwetu hakuna kitu. Ni jua, mawe na miti ya miiba."

Jibu hilo halikuwa la kweli, ingawa msemaji hakukusudia kudanganya. Ngaremara iko kando ya barabara kuu iendayo Moyale, kaskazini ya mji wa Isiolo, na mojawapo ya malango ya Hifadhi ya Buffalo Springs linaitwa kwa jina lake. Ng'ambo ya mto Ewaso Ng'iro iko Hifadhi ya Samburu. Mashariki ya barabara iko Shaba. Eneo la hifadhi hizo tatu kwa jumla hupita kilomita za mraba 500. Watu hupanda ndege kutoka Ujerumani na Japani kuja kuziona. Aliyezaliwa langoni hakuwa ameingia hata siku moja.

Sababu si uvivu. Hifadhini hakuendwi kwa miguu, na gari ni mali ya wachache. Kiingilio, japo cha mwananchi ni kidogo mno kuliko cha mgeni wa ng'ambo, kwa familia ya mfugaji ni fedha ya unga. Isitoshe, tangu utotoni kijana huyo alifunzwa kuwa mpaka wa hifadhi ni mahali pa kesi: mbuzi akivuka, mwenyewe hulala ndani.

Hata hivyo, mgeni alikuja. Mama mwenye nyumba aliamkiwa kwa shikamoo iliyonyooka ya pwani, akacheka, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akamkaribisha kwa chai ya maziwa ya mbuzi. Mgeni hakuitazama chai. Alikitazama kikapu kilichokuwa pembeni.

"Mama, hii si miyaa?"

"Ni majani ya mkoma. Huko kwenu mnayo?"

"Tunayo. Bibi yangu husuka makanda kwa majani haya haya."

Basi mazungumzo yakashika njia. Mkoma huota kandokando ya mto, shina lake likigawanyika kama uma, jambo ambalo minazi haifanyi, na makoma yake hutafunwa na watoto wa Turkana kama yanavyotafunwa na watoto wa pwani. Kivutio cha kwanza cha safari hiyo, kwa hiyo, kilipatikana kabla ya kiingilio kulipwa.

Siku ya tatu wakachanga fedha, wakakodi landrova kuukuu, na mgeni akashikilia kwamba mama lazima aende nao. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akafunga leso, akapanda.

Ndani ya hifadhi kiongozi wao alikuwa hodari, lakini akiwaeleza Wakenya watatu kwa Kiingereza. Kuna wanyama watano wanaotafutwa sana kaskazini, kwa kuwa kusini mwa nchi ni adimu au hawapatikani kabisa: punda milia wa Grevy, twiga mwenye mabaka yaliyochorwa kama wavu, choroa, mbuni wa Kisomali mwenye shingo ya kibuluu, na yule swala ambaye kiongozi alimwita "gerenuk". Jina hilo, ambalo wengi hulidhania la Kiingereza, asili yake ni Kisomali. Kiswahili humwita swala twiga, na walipomwona amesimama kwa miguu miwili ya nyuma, shingo imenyooshwa hadi kwenye majani ya juu ya mgunga, hapakuwa na haja ya kamusi. Kiongozi alikiri kwamba hajawahi kulisikia jina hilo la Kiswahili. Si lawama kwake. Mafunzo na mabango yalikuwa ya lugha nyingine. Lakini wanaokisoma Kiswahili vyuoni wangefaa kujiuliza waliandika wapi majina haya ili mtu kama yeye ayapate.

Punda milia wa Grevy naye amebeba jina la Rais wa Ufaransa, Jules Grévy, tangu mwaka 1882. Leo wamebaki elfu tatu hivi duniani, na karibu wote wako Kenya. Mama aliwatazama kwa muda mrefu. "Etuko," alisema. Twiga akamwita ekori, na ndovu walipotokea kwenye mikoma akanong'ona, "Etom," akamshika mwanawe mkono.

Habari za Shaba walizipata wakiwa njiani. Huko ndiko Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha simba Elsa, alikouawa Januari 1980. Huko pia, mwaka 2001, televisheni moja ya Marekani iliwaleta watu 16 waishi porini, wakinywa hata damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, na atakayestahimili hadi mwisho wa siku 39 azawadiwe dola milioni moja. Kijana alimfasiria mama yake. Mama akauliza, bila kutabasamu: "Siku thelathini na tisa tu?"

Hatimaye wakafika kwenye chemchemi zilizoipa hifadhi jina. Maji ni maangavu, yanabubujika katikati ya nchi kavu. Husimuliwa kwamba moja ya mabwawa hayo lilifumuliwa na bomu la ndege ya Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wageni huogelea humo. Mama hakuisikiliza hadithi ya bomu. Alikwisha kuteremka, ameinama ukingoni.

"Mwaka wa 1984," alisema, "mvua ilipokataa, tulileta mbuzi hapa usiku. Nilikuwa msichana. Tuliwafunga midomo kwa kamba wasilie, tukawafungua majini. Dada yangu ndiye aliyejua njia."

Mwanawe hakuwahi kusikia habari hiyo. Alimjua huyo mama mkubwa kwa jina tu; alifariki kabla yeye hajazaliwa. Akauliza njia ilipita wapi, na mama akaonyesha kwa kidole, kutoka mgunga hadi jiwe, kutoka jiwe hadi mkoma ulioinama, upande ambao magari hayafiki. Kiongozi, aliyekuwa akitazama saa, akaiacha saa. Mgeni wa Kisauni akatoa daftari.

Jioni, langoni, waliletewa kitabu cha wageni. Kurasa zilijaa majina ya Munich, Osaka na Nairobi. Penye safu ya mtokako kijana aliandika "Ngaremara", na karani akainua macho kumtazama. Kisha ikabaki safu ya maoni. Akamwuliza mama yake aandike nini.

"Andika kwamba maji ni yale yale."