Lushoto, Baridi Iliyo Jirani

Aondokaye Feri, akavuka Likoni na kushika njia ya Lunga Lunga, hahitaji ndege ili aionje baridi. Tulipita Tanga, Muheza na Korogwe. Kutoka Mombo tukapanda milima ya Usambara, kona baada ya kona, hadi Lushoto, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Sokoni tulikuta mafyulisi na kabichi. Adhana ilikuwa ileile ya kwetu. Njiani kwenda Irente tulimhofia bibi yetu na magoti yake, naye akatutangulia hadi ukingoni, nyika yote ikiwa chini yetu. Enyi wazazi, chukueni masweta, na wasafirisheni wazee wenu wangali na nguvu.