KOBE LA MAREHEMU BABA

Kuna jamaa wa Milanzi, Sumbawanga, marehemu baba yake kamwachia Volkswagen Beetle, lile gari la mgongo wa kobe, injini iko nyuma na inapoozwa na upepo. Ndugu wanataka liuzwe chuma chakavu. Jamaa kagoma.

Shida ni moja: ukikanyaga mafuta linasita kwanza. Washkaji wakamwambia funga distribyuta ya Bosch 009. Kafunga, kusita ndo kukazidi!

Fundi mmoja mzee akacheka. "Mwanangu, hiyo inawahisha moto kwa mzunguko wa injini tu. Ya baba yako inavutwa pia na hewa ya kabureta, ndo maana inajibu haraka. Mpira wake tu ulipasuka."

"Basi nitoe platini, niweke ya elektroniki?"

"Nzuri, haina marekebisho ya mara kwa mara. Ila ikifa usiku njia ya Laela, utalala hapohapo. Platini unapiga msasa, unaacha nafasi ya milimita 0.4, unaondoka."

Jamaa karudisha distribyuta ya mzee, platini yake na mpira mpya.

Jumapili kampeleka mama kanisani. Njia nzima mama kimya. Kushuka tu akasema, "Huo sasa ndo mlio wa baba yako."

Habari za chuma chakavu ziliishia hapo.

Wewe ungefunga ipi?