Talaka Mbali na Wazee

Upweke unaofuata talaka ughaibuni una sababu mbili zinazokwenda pamoja. Mtu ameachana na mwenzi wake, na hapo hapo amewakosa wale ambao kwa desturi ya nyumbani huibeba talaka pamoja na wahusika tangu siku ya kwanza. Sababu hii ya pili huzungumzwa kwa nadra, ingawa mara nyingi ndiyo inayolemea zaidi.

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa ndoa upitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hata pasipo baraza, wazazi hukaa kikao, mshenga huitwa, shangazi hutumwa. Wanandoa wengi huwalalamikia watu hao kuwa wanaingilia mambo yasiyowahusu. Lakini ndio hao wanaokijua kisa chote, ndio wanaompokea anayerudi kwao na mizigo yake, na ndio wanaohakikisha kwamba amekula. Kwa Waislamu, eda ya mke aliyeachwa huhesabiwa kwa twahara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, au mpaka kujifungua kwa mjamzito. Mbali na hukumu zake za kidini, eda huipa huzuni mwanzo na mwisho unaojulikana na mtaa mzima. Majirani wanajua fulani yuko edani, na wanajua lini anatoka.

Uingereza mambo hayo hupita kwenye karatasi. Tangu Aprili 6, 2022, anayeomba talaka England na Wales halazimiki tena kuthibitisha kosa la mwenzake. Fomu hujazwa mtandaoni, wiki 20 husubiriwa, amri ya awali hutolewa, na baada ya wiki sita na siku moja amri ya mwisho inaweza kuombwa. Sheria hiyo ina wema wake, kwani imewapunguzia watu aibu ya kuanikana. Hata hivyo, katika miezi hiyo yote hakuna anayelazimika kubisha hodi mlangoni kwa mtu. Talaka isiyo na ubishi inaweza kuanza na kwisha bila wahusika kumwona hakimu, mzee wala jirani. Kwa Mwislamu huongezeka jambo jingine: talaka iliyotamkwa ndani ya Uingereza haivunji ndoa inayotambuliwa na sheria za nchi hiyo, hivyo mwanamke aweza kuwa ameachwa kidini na bado ni mke wa mtu kwenye vitabu vya serikali. Aliye katika hali hiyo hajui ajitambulishe vipi, wala lini aanze upya.

Saa nazo huchangia. Wengi wanaobeba boksi, kama wanavyosema wenyewe, hufanya kazi za shifti katika nyumba za wazee, maghala na hospitali. Mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na Dar es Salaam iko mbele kwa saa tatu. Anayeingia chumbani kwake saa nne usiku hukuta nyumbani ni saa saba, watu wamelala. Simu, tegemeo kuu la mtu wa mbali, hukosa wa kuipokea katika saa ile inapohitajika kuliko zote.

Kisha kuna kuficha. Harusi ilichangiwa na ukoo mzima, kamati ilikaa, picha zikasambaa. Kutangaza kwamba imekwisha ni kazi nzito. Mama akiuliza hali ya mkwewe anajibiwa kuwa hajambo, yuko kazini. Uongo huo huanza kwa huruma, ili mama asipandwe na presha. Lakini una gharama. Mazungumzo hufupishwa, simu za video hukwepwa ili chumba kipya kisionekane, na maombi ya ada na matibabu huendelea kuja kwa kipimo cha mishahara miwili wakati umebaki mmoja. Kuficha hurefusha upweke kuliko talaka yenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kujitibu ni kusema: kumwambia mapema mtu mmoja wa nyumbani anayetunza siri, ndugu au somo, kisha kumwachia yeye namna ya kuwafikishia wazazi.

Ughaibuni kwenyewe, marafiki walikuwa wa wote wawili, na wengi hujiweka kando wasionekane wamechagua upande. Aliyeachika hukwepa harusi, hukwepa misiba, hujitoa kwenye kundi la WhatsApp, na baadhi hubadilisha hata msikiti au kanisa. Wanaume huumia hapa kwa namna yao, hasa pale mahusiano ya kijamii yalipotunzwa na mke. Kujitoa huko kunaeleweka, ila kuna vifungo visivyofaa kukatwa. Aliyeandikishwa kwenye chama cha kufa na kuzikana kupitia jina la mwenzi wake ajiandikishe upya kwa jina lake. Kazini na kwa daktari, jina la mtu wa kuarifiwa kukitokea dharura libadilishwe. Kulitafuta jina hilo humlazimisha mtu kujua nani amebaki naye.

Usingizi ukipotea kwa wiki nyingi, au chakula kikikosa ladha, msaada wa kitaalamu unahitajika. England, mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo ya NHS, bila barua ya daktari, na kuomba mkalimani. Kuitumia huduma hiyo si dalili ya upungufu wa imani.

Kurudi nyumbani kwa muda husaidia wengi, lakini anayeishi kwa viza ya mwenzi apate ushauri wa kisheria kabla ya kukata tiketi, kwa sababu ndoa ikivunjika kibali chake kinaweza kufupishwa. Nyumbani nako kuna mitihani yake. Ipo nyumba ya Kigamboni iliyojengwa kwa fedha za wawili na kuandikwa jina la mmoja. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa, na ni vema anayedai haki yake alijue hilo. Wapo pia jamaa wanaotaka kumwoza mtu upya kabla jeraha halijakauka. Aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo huenda akaona chumba kidogo cha Leicester kina amani kuliko sebule ya baba yake, na aachwe achague.

Jamaa walio nyumbani wakipokea habari ya talaka kutoka mbali, waulize kwanza kama mtu amekula, amelala, na ana nani karibu. Swali la nani alikosa lisubiri.