Nyumba ya Popo Ukanda wa Joto

Sumbawanga

Mpwa wangu mpendwa,

Huku baridi ya Juni imetukaba. Nimesikia unataka kuwajengea popo wa darini nyumba yao uani badala ya kuwafukiza moshi. Umenifurahisha sana.

Ila maelekezo ya Wamarekani usiyafuate yote. Kwenye sehemu zao za baridi hupaka boksi la popo rangi nyeusi na kulianika juani kutwa, ili watoto wa popo wapate joto. Huku kwetu ningekubali. Lakini Wampembe kwenu iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, karibu mita 1,000 chini yetu. Boksi jeusi huko litawaua. Lipake chokaa nje, lielekee mashariki, na kuanzia saa saba mchana lifunikwe na kivuli cha mwembe.

Kivuli tu, mwanangu. Usilitundike mtini. Nyoka hupanda, na popo hawa hujiangusha kwanza ndipo waruke, matawi yatawazuia. Simika nguzo peke yake, mita 4 au 5, uizungushie bati laini, na chini pawe wazi.

Mbao zisipigwe randa, wapate pa kushika kwa kucha. Kati ya ubao na ubao acha sentimita 2 hivi, maana hupenda kubanana. Sakafu usiweke, na ubavuni acha mwanya wa hewa. Ndani usitie rangi wala dawa ya mchwa. Nguzo iwe mbali na kisima na mahali shangazi zako wanapoanika dagaa. Kinyesi ni mbolea nzuri, lakini kiloweshe kabla ya kukizoa. Vumbi lake hudhuru mapafu.

Dari usiizibe wakati wa mvua. Ndipo wengi huzaa, na ukiwafungia mama nje, vichanga watakufa njaa ndani. Ziba kiangazi, jioni, wakishatoka wote. Boksi litangulie, na wakichelewa kuhamia, vumilia; huenda ukapita msimu mzima.

Watoto waonye: popo aliyeanguka hashikwi kwa mkono mtupu, baadhi hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Na ingawa wanakula wadudu wengi, chandarua kibaki kitandani.

Simika nguzo mwezi huu, kabla ardhi ya huko haijakauka ikawa ngumu kuchimbika.

Mjomba wako