Niliwahesabu Wazambia Wote, Nikaisahau Kitonga

Msomaji wangu, wiki hii sina umbea wa mtu. Leo najianika mwenyewe, na ukitaka kucheka, cheka tu.

Kama umewahi kupanda basi la Mbeya au Songea, Ipogolo unapajua. Ni pale bondeni, Mto Ruaha Mdogo ukiwa pembeni, njia moja ikikata kupanda Iringa mjini na ile kuu ya Tanzania na Zambia ikienda zake. Pale ndipo nilipokuwa na banda langu la chipsi. Usiku malori yalikuwa yanajipanga utadhani msafara wa harusi. Madereva walishuka na makoti yao kwa lile baridi la kwetu, wakitaka chai ya moto, chipsi mayai na mtu wa kubishana naye mpira. Chai ilikuwepo, chipsi zilikuwepo, na ubishi ndio usiseme, huo nilizaliwa nao.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mzee mmoja wa Kizambia, dereva wa lori. Alikuwa anabeba shaba kutoka kwao kupeleka bandarini Dar es Salaam. Kiswahili alikiokota barabarani, kidogo Tunduma, kidogo Makambako, kilichobaki akakimalizia kwenye vijiwe vya chai. Mimi nilimwita Mzee wa Shaba. Yeye aliniita "mwanangu", na nikimuudhi, "iwe!"

Sasa Januari 2024 ikafika, fainali za Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast. Kundi F likatuweka pamoja na Morocco, Congo na, bwana wee, Zambia! Mechi yetu na Chipolopolo, yaani risasi za shaba, ilikuwa Jumapili ya tarehe 21, mjini San Pedro, saa mbili usiku kwa saa za kwetu.

Mimi si mtu wa kushabikia kwa kelele tu. Nilichukua daftari la wadeni, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu kabisa ZAMBIA kwa kalamu nyekundu. Nikaanza kuwachambua kama mchele.

Nguvu zao kwanza, maana adui umheshimu. Namba moja, Patson Daka wa Leicester City. Huyu Oktoba 2021 aliwapiga Spartak Moscow mabao manne peke yake, tena kwao Moscow. Nikaandika: "Asiachiwe nafasi hata ya kupiga chafya." Namba mbili, Clatous Chama. Huyo hata bibi yangu anamjua, maana alikuwa anatandaza kandanda pale Simba, na mguu wake ukitulia kwenye mpira uliosimama, omba Mungu. Namba tatu, kocha wao Avram Grant, mzee aliyewahi kuifikisha Chelsea fainali ya Ulaya mwaka 2008. Namba nne, Kings Kangwa, aliyewatungua Wakongo kutoka mbali katika mechi ya kwanza.

Halafu udhaifu wao. Fainali tatu mfululizo walizitazama kwenye televisheni kama mimi: 2017, 2019 na zile za 2021. Kwa Wakongo walitangulia, dakika chache tu wakarudishiwa, mechi ikaisha 1-1. Hapo nikapiga mstari mara mbili: "HAWAJUI KULINDA BAO." Kumbuka maneno hayo, msomaji, yatanirudia.

Kwetu hali haikuwa nzuri sana, nikiri. Morocco walikuwa wametuchapa 3-0, Novatus Miroshi akala nyekundu, kocha Adel Amrouche akasimamishwa na timu akashika Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani, usicheke, ni Morocco. Lakini niliona hayo ni mambo madogo. Si tulishawafanyia kitu mbaya hawa mwaka 1979? Tuliwafunga 1-0 Dar es Salaam, tukaenda kwao Ndola, Peter Tino akasawazisha dakika za mwisho, Stars wakafuzu kwenda Lagos 1980. Mzee mmoja pale kijiweni husimulia bao lile kama vile pasi alitoa yeye.

Jumapili ile alasiri Mzee wa Shaba akaingia na lori lake. Nikamwekea chai na daftari mbele. Akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Umeandika vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini hapa hamna 1993."

Nikamuuliza 1993 inachezaje namba ngapi. Hakucheka. Akaniambia jinsi alivyokuwa kijana tarehe 27 Aprili ile, ndege iliyobeba timu yao kwenda Senegal ilipoanguka baharini karibu na Libreville. Watu 30 ndani, hakupona hata mmoja. Kalusha Bwalya alisalimika kwa sababu alikuwa Ulaya. Wakaunda timu mpya, na mwaka uliofuata timu hiyo ikafika fainali ya Afrika, ikafungwa na Nigeria 2-1. Kisha mwaka 2012, katika mji uleule wa Libreville, wakawatoa Ivory Coast kwa penalti 8-7, wakabeba kombe.

"Timu ilizikwa ikafufuka," akasema. "Wewe unaiandikia udhaifu kwenye daftari la chipsi?"

Na mimi, kwa kiburi changu, nikamjibu: "Mzee, historia haipigi kona!"

Kijiwe chote kikalipuka kwa kicheko. Nikavimba. Sifa, msomaji wangu, ni mbaya kuliko ulanzi, maana ulanzi angalau ukilala unaamka nao umekwisha.

Nikasema tuweke fedha. Yeye akasita. Nikazidi kumchokoza, mpaka akauliza kiasi gani. Nikatamka laki moja na nusu. Tena kwa mbwembwe nikaongeza: "Sare nayo nakupa! Tukitoka sare, chukua!"

Sasa ngoja nikwambie hiyo fedha ilikuwa ya nani. Elfu 70 ilikuwa mtaji wangu wa gunia la viazi na mafuta. Elfu 80 alikuwa ameniachia mama, anayeuza vitunguu barabarani. Mdogo wangu wa kike alichaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni, wenzake walisharipoti, yeye alikuwa nyumbani anasubiri godoro, tranka na viatu. Mama aliniambia, "Jumatatu asubuhi umnunulie, Jumanne aondoke." Fedha ilikuwa mfukoni mwangu imefungwa kwenye kile kile kitambaa cha mama.

Saa mbili tukajaa banda umiza, watu mpaka madirishani. Dakika ya 11, Samatta akapenyeza, Msuva akaukwamisha wavuni. Mama yangu! Nilimkumbatia mtu nisiyemjua mpaka akalalamika mbavu. Dakika ya 44, Roderick Kabwe wa Zambia akapewa kadi ya pili ya njano, nje! Wamebaki kumi! Mapumziko nikaanza kugawia watu soda za mkopo. Kichwani nilishanunua godoro, na lile la inchi sita, si la mchezo.

Mzee wa Shaba alikuwa amekaa kona, mikono kwenye koti, kimya.

Kipindi cha pili nikaanza kuona kitu ambacho hakikuwa kwenye daftari. Vijana wetu walikuwa wanarudi nyuma. Kila mpira wanaopata wanaupiga mbele hovyo, unarudi. Wenzao kumi walikuwa wanatembea na mpira kama vile wao ndio kumi na mmoja. Dakika ya 80. Dakika ya 85. Nikashika kile kitambaa mfukoni, nikasikia kimelowa jasho.

Dakika ya 88, kona. Daka akaruka, kichwa, wavuni.

Banda zima likanyamaza, ukasikia mto. Historia ilikuwa imepiga kona, msomaji wangu, na mimi nilikuwa nimeipa mpaka sare!

Kipenga kilipolia nilimfuata mzee nje, nikampa fedha pamoja na kitambaa. Akahesabu, akanirudishia kitambaa, fedha akatia mfukoni. Nilitegemea atanihurumia. Hakunihurumia.

"Mwanangu, wewe unakaa hapa Ipogolo," akasema. "Kitonga unaijua?"

Nani asiyeijua? Ule mlima wa kona na makorongo, dereva anayetoka kwetu kwenda Dar anauteremka.

"Anayepanda anaogopa, anakaza usukani," akasema. "Anayeteremka anaona kazi imekwisha, anaachia gari. Huyo ndiye tunayemwokota kule chini. Timu yako ilipata bao ikaanza kuteremka. Na wewe ulianza kuteremka kabla hata mpira haujaanza."

Akapanda lori, akawasha taa, akaondoka kuikabili hiyo Kitonga yenyewe.

Kumwambia mama ndiyo ilikuwa mechi yenyewe. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akaingia ndani, asubuhi nikamkuta amefunga kuku wake watano miguu anakwenda kuwauza. Mimi nikauza redio na kukopa kilichobaki. Mdogo wangu aliripoti siku kumi baadaye, na godoro jembamba kama chapati. Alipokuwa anapanda basi aliniuliza, "Kaka, kwani mlikuwa mnaongoza mpaka dakika ya ngapi?" Mpaka leo sijui aliuliza kwa kejeli au kwa kunipa pole.

Stars na Zambia wote walitolewa kwenye kundi. Yaani hata lile bao halikuwasaidia Wazambia kitu. Lilikuja kuchukua godoro tu.

Juni 2024 tukapangwa nao tena, kufuzu Kombe la Dunia, kule kwao Ndola. Mzee akapita siku mbili kabla, akatoa fedha mezani, akanitazama. Nikamwekea chai, fedha nikaisukuma irudi kwake. Tarehe 11, dakika ya 5 tu, Waziri Junior akafunga, tukashinda 1-0. Safari hii tulilinda bao dakika 85! Nilishangilia nikiwa na mfuko mtupu wa ushindi na moyo mweupe kabisa. Oktoba 2025 wakaja Zanzibar wakatulipa 1-0 na wao. Nilisononeka, nikala ugali wangu, nikalala kwenye kitanda ambacho hakuna mtu anakidai.

Daftari bado ninalo. Nikichambua timu sasa, ukurasa wa kwanza nawaandika wao, wa pili naandika jina langu na udhaifu wangu. Ule wa pili ndio mrefu.

Na mdogo wangu? Likizo iliyofuata nilimnunulia godoro. La inchi sita, la fedha ya viazi.